Tawi si mbegu: kosa la kuyaita majina ya miraa aina za mti

Mti wa miraa, ambao wataalamu wa mimea huuita Catha edulis, ukiachwa bila kuguswa unaweza kufika mita 25. Katika mashamba ya Igembe na Tigania, kwenye milima ya Nyambene, mti huo huo ni mfupi zaidi: ni wa urefu ambao kijana anaupanda pekupeku, anachuma na kushuka bila kuvunja kitu. Urefu huu wa pili haukuletwa na mbegu. Umeletwa na mkono wa mwenye shamba, na mara nyingi mkono wa baba yake kabla yake. Lakini katika biashara nzima inayoteremka kutoka mji wa Maua hadi Isiolo, kisha ikashika njia ya Marsabit na Moyale au ikakata kuelekea Garba Tulla, Wajir na Mandera, mkono huo hautajwi. Kinachotajwa ni aina.

Bulla Pesa ni mahali pazuri pa kulisikia neno hilo. Ni mtaa wa mji wa Isiolo ambako Waborana, Wasomali, Wameru na Waturkana wanaishi jirani, na miraa hufika hapo ikiwa imeshafungwa, majani mengi yameshanyofolewa, na mti wenyewe umebaki mlimani. Mteja huuliza leo kuna aina gani. Muuzaji, mara nyingi mama mwenye meza ndogo na gunia lililoloweshwa maji juu ya mzigo, hujibu kwa majina. Kwa mtu ambaye hajawahi kusimama chini ya mti wa miraa, ni rahisi kuamini kwamba kila jina lina mti wake.

Dhana hiyo, ikielezwa kwa haki, inasimama hivi. Giza (wengine huita kisa), kangeta, alele, lomboko na muguka ni aina mbalimbali za mmea, kama maharagwe yalivyo na aina zake. Aina ndiyo inayoamua umbo: kama mti utatoa vijiti vifupi au virefu, kama utatanua matawi mapema au utakimbilia juu. Kwa hiyo mkulima mwerevu hutafuta mche wa aina nzuri, na aina nzuri kuliko zote ni ile fupi yenye matawi mengi, kwa sababu kila tawi ni kichipukizi na kila kichipukizi ni shilingi. Na kwa kuwa muguka ni aina ya peke yake, unaweza kupigwa marufuku huku miraa ikiachwa.

Wanaoshikilia dhana hii wana sababu zao. Mkulima wa Kenya amekulia katika mahindi ya H614. Anajua kwamba kilichoandikwa kwenye pakiti ndicho kitakachosimama shambani. Katika dunia pana, ngano fupi za mtafiti wa mazao Norman Borlaug, zilizomletea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970, zilithibitisha kwamba umbo la mmea likibadilishwa kwa uzalishaji, mavuno ya nchi nzima hubadilika. Hapo hakuna ubishi. Ubishi unaanza pale hoja ya ngano, mmea wa msimu mmoja unaopandwa kwa mbegu na kuvunwa punje, inapohamishiwa kwenye mti unaoishi miongo mingi, unaopandwa kwa kipande cha mti mwingine, na unaovunwa ncha zake changa tu. Katika safari hiyo hoja inapoteza karibu kila kilichoifanya iwe kweli.

Kwanza: majina ni ya fungu

Surba ni kifungu kidogo cha vijiti kilichokazwa kwa uzi wa mgomba. Surba kumi hufanya fungu ambalo wafanyabiashara huliita kilo, ingawa haliwekwi kwenye mizani, na makilo kumi hufanya bunda. Bunda husafiri likiwa limevikwa majani ya mgomba ili lisikauke, na kutokana na vazi hilo vijana wakaipa miraa jina la gomba.

Surba moja ikifunguliwa mezani na vijiti vikapangwa sambamba, kitu cha kwanza kinachoonekana ni kwamba havifanani. Kimoja kina ngozi ya zambarau iliyokolea kuanzia ncha hadi chini. Kingine ni chekundu juu na kijani upande wa shina. Cha tatu kina pingili ndefu, macho yake yakiwa mbalimbali; cha nne kina pingili fupi zilizobanana, kama kilichokua taratibu wakati wa kiangazi. Vinacholingana ni urefu na ulaini, kwa sababu aliyevifunga alikuwa anatafuta urefu na ulaini. Jina la surba hiyo linaeleza kazi ya mfungaji: amechagua vijiti vya kiasi gani, vichanga kiasi gani, amevua majani mangapi, na amefungia soko gani. Kisa kinashika daraja la juu na alele daraja lililo chini yake. Neno lenyewe linalofaa ndilo hilo, daraja.

Chai inatoa mfano ulio karibu. Kwenye mnada wa Mombasa, chai ya Kenya huuzwa kwa majina BP1, PF1, PD na D1. Yote manne yanaweza kutoka kwenye kikapu kimoja cha majani, maana yanaeleza ukubwa wa chembe baada ya chai kusagwa na kuchekechwa. Mkulima wa Kericho au wa Imenti anajua vilevile kwamba kuna michai yenye majina ya kweli ya aina, kama TRFK 6/8, na hawezi kwenda kitaluni kuomba mche wa PF1. Majina mawili ya namna mbili yanaishi pamoja bila kugombana, na kila mtu anajua lipi ni la kichaka na lipi ni la gunia. Katika miraa mpaka huo umefutika, na anayelipia ufutaji huo ni mkulima mpya anayenunua mche kwa jina la daraja, akisubiri daraja liote.

Historia ya hivi karibuni imeshalijaribu jambo hili kwa ukali kuliko jaribio lolote la kituo cha utafiti. Uholanzi iliharamisha miraa mwaka 2013. Uingereza ikafuata tarehe 24 Juni 2014, na soko la vifungu vilivyokuwa vikifungwa kwa ajili ya ndege ya London likafa siku hiyo. Kama vifungu hivyo vingekuwa aina ya mti, wakulima wangebaki na mashamba yaliyojaa mti usio na mnunuzi, na ingewabidi kung'oa na kupanda upya. Haikuwa hivyo: miti ile ile ikaendelea kuchumwa kwa ajili ya Mogadishu, Nairobi na Isiolo. Kilichobadilika ni namna ya kuchuma na kufunga, na bei, ambayo iliumiza familia nyingi za Nyambene. Mti haukujua kwamba London imefungwa.

Haki inadai kukiri jambo moja. Tofauti za kurithiwa zipo. Wakulima wa Harar, Ethiopia, kwa vizazi vingi wametenganisha miti yao kwa rangi ya machipukizi, na moja ya majina yao ni dima. Mborana wa Bulla Pesa hahitaji mkalimani hapo: ni nyekundu. Nyambene pia kuna miti ya machipukizi mekundu na mingine ya machipukizi yanayopauka. Hizo ndizo tofauti zinazostahili kuitwa aina, kwa kuwa kipando cha mti mwekundu huota chekundu. Ila majina ya mezani hayafuati mpaka huo.

Pili: tawi linavyopatikana

Ncha ya shina hutengeneza homoni iitwayo auksini, ambayo hushuka ndani ya shina na kuyazuia macho yaliyo kwenye makwapa ya majani yasichipue. Mwaka 1933 wanasayansi Kenneth Thimann na Folke Skoog walilionyesha jambo hili kwa mmea wa jamii ya kunde: ncha ilipokatwa, macho ya chini yakafumka, auksini ilipowekwa mahali pa ncha, yakatulia tena. Mwaka 2008 kundi jingine la homoni, strigolaktoni, lilitambuliwa kuwa nalo huzuia matawi. Jina lake limetokana na Striga, gugu linalowatesa wakulima wa mahindi magharibi mwa Kenya, kwa sababu mbegu za gugu hilo huamshwa na kemikali za kundi hilo hilo zinapotoka kwenye mizizi ya mahindi.

Kwa hiyo tawi ni jicho lililoachiliwa. Linaweza kuachiliwa na vinasaba, na mahindi ni ushahidi: teosinte, nyasi ya Mexico iliyokuja kuwa mahindi, ina matawi mengi, na sehemu kubwa ya tofauti yake na shina moja la mahindi ya leo inatokana na jeni moja. Lakini jicho huachiliwa pia na kisu, na upepo, na mbuzi, na kidole gumba cha mchumaji. Mti wa miraa unaochumwa kila baada ya wiki chache hukatwa ncha mara nyingi kuliko mmea wowote wa chakula shambani hapo. Kila kijiti kinachovunjwa kinaacha nyuma yake macho mawili au matatu yaliyofunguliwa. Baada ya miaka kumi ya hali hiyo, umbo la mti ni kumbukumbu ya mavuno yake, na swali la umbo lake la kuzaliwa haliwezi tena kujibiwa kwa kuutazama.

Miraa yenyewe inabeba ushahidi ambao mnunuzi anaweza kuusoma bila kifaa chochote. Kwenye shina linalokimbilia juu, majani hukaa mojamoja, yakipishana. Kwenye matawi ya pembeni, hasa yanayochanua, majani hukaa mawili mawili yakitazamana. Ni mti mmoja, vinasaba vile vile, wakati mwingine umbali wa mkono tu kati ya shina na tawi. Majani yakinyofolewa, makovu yake madogo hubaki kwenye ngozi ya kijiti. Vijiti viwili vya mti mmoja vinaweza kuonekana vya mimea miwili kwa mtu anayeamini kwamba umbo ni ukoo, na mtu huyo hatakuwa amekosea kuona. Atakuwa amekosea kutafsiri.

Nguvu ya kijiti nayo ina mafungamano na mahali na saa. Kathinoni, kemikali inayoamsha mwili, ilitambuliwa mwaka 1975 katika maabara ya Umoja wa Mataifa. Hupatikana zaidi katika machipukizi machanga, na jani likikomaa au kukauka hugeuka kuwa kemikali dhaifu zaidi, kathini ikiwa mojawapo. Ndiyo sababu magari ya miraa hukimbia namna yanavyokimbia, na ndiyo sababu bunda lililochelewa siku mbili barabarani huuzwa Moyale kwa huruma ya mnunuzi. Mteja wa Bulla Pesa anayesema aina ya leo ni kali kuliko ya jana, mara nyingi amepima umri wa chipukizi na saa za safari.

Kosa hili lina ndugu mkubwa zaidi duniani. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliipa bangi jina Cannabis sativa mwaka 1753, na mwaka 1785 mtaalamu mwingine, Lamarck, akatenga mmea wa India akauita Cannabis indica. Katika biashara ya Ulaya na Marekani majina hayo yakaja kuwa lugha ya umbo: mmea mfupi wenye matawi mengi na majani mapana ukaitwa indika, ukasemwa unalegeza mwili, mrefu mwembamba ukaitwa sativa, ukasemwa unachangamsha. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba majina ya kibiashara ya bangi mara nyingi hayaaminiki kama kielelezo cha ukoo wa mmea. Na wakulima wa bangi wenyewe hukata ncha na kukunja mashina ili mmea utanuke, yaani wanatengeneza kwa mikono umbo ambalo mteja ataambiwa ni la ukoo. Nchini Kenya bangi iko chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 1994 na polisi huikamata mara kwa mara kwenye barabara ya Moyale kuja Isiolo, kwa hiyo ubishi wake haufiki mezani hadharani. Ubishi wa miraa unafika, kila jioni.

Tatu: mbaine inavyoikana dhana

Ipo miraa ambayo wapenzi wake huiweka juu ya nyingine zote, nayo ni mbaine. Ni miti mizee iliyobeba jina la rika la kale la Wameru, na katika heshima za Igembe, kuanzia baraza za wazee hadi fungu la ncoolo linalopelekwa posa inapoanza, miti mikongwe ndiyo inayotajwa kwa sauti ya chini.

Sasa, miraa hupandwa kwa maotea yanayochipuka mizizini au kwa vipande vya tawi. Mbegu hutumika kwa nadra. Otea lililong'olewa chini ya mbaine na kupandwa ng'ambo ya boma lina vinasaba vya mbaine, vyote, bila kupungua hata kimoja. Kwa mantiki ya aina, hilo ni mbaine. Lakini hakuna mzee wa Nyambene atakayeliita hivyo, wala mnunuzi atakayelipa bei ya mbaine kwa vijiti vya mti wa miaka mitano. Watasema mti huo bado ni mtoto. Wanachokithamini ni umri: shina nene lililokatwa na kuponywa mara zisizohesabika, mizizi iliyokwenda chini kabisa, machipukizi yanayotoka kwenye mti mkongwe kwa mwendo wa mti mkongwe.

Hapa wafuasi wa dhana ya aina wanajikanganya wenyewe, na mkanganyo huu unastahili kukaziwa macho kwa sababu unatoka katika kinywa kimoja. Mtu yule yule anayesema kwamba aina ndiyo kila kitu, husema pia kwamba mbaine haiwezi kununuliwa kitaluni. Kauli hizi mbili haziwezi kuwa kweli pamoja. Kama aina ndiyo kila kitu, kila otea la mbaine ni mbaine. Kama otea si mbaine, basi kuna kitu zaidi ya aina kinachofanya kazi, na kitu hicho ni miaka na mikono.

Nne: kichaka kifupi na gharama zake

Hoja ya mti mfupi ina upande wake wa ubinadamu. Wachumaji ni vijana wepesi wa kupanda, na tawi la miraa likivunjika, anayeanguka ni wao. Mti unaochumwa mtu akiwa amesimama chini hauvunji mguu wa mtoto wa mtu. Aidha, mkulima hupata vijiti vya kwanza miaka mitatu hadi mitano baada ya kupanda, na kila anayemwahidi kuufupisha muda huo atasikilizwa.

Lakini ufupi haununuliwi pamoja na mche. Mche wowote wa miraa unaweza kufanywa kichaka kwa kukatwa mapema na kukatwa tena, na mche wowote ukiachwa utakwenda juu. Anayelipa zaidi kwa mche mfupi analipia kazi ambayo ataifanya mwenyewe. Hiyo ndiyo gharama ya kwanza, na ni ndogo.

Kubwa zaidi iko ardhini. Chini ya miraa iliyoinuliwa na kuachiwa nafasi, shamba la Nyambene hubeba maharagwe na mahindi. Mwanga hupita kati ya mashina na familia hula kutoka pale pale inapouza. Vichaka vilivyopandwa kwa kubanana hufunga mwanga. Mkulima aliyeongeza matawi kwa ekari anapoteza sufuria ya maharagwe, na hasara hiyo haiandikwi mahali popote kwa sababu haikuwa ikiuzwa. Akina mama ndio wanaoiona kwanza, jikoni.

Kisha kuna dawa ya wadudu. Majani mazito yaliyobanana karibu na ardhi huwapa wadudu kivuli na unyevu, na mwenye shamba hushawishika kunyunyiza. Chipukizi la miraa halimenywi kama ndizi wala halichemshwi kama sukuma wiki. Hutafunwa likiwa bichi, aghalabu bila kuoshwa, ndani ya siku mbili tangu lichumwe. Kilichonyunyiziwa Jumatatu kinaweza kuwa mdomoni mwa mtu wa Bulla Pesa Jumatano jioni, kikiteremshwa kwa karanga na chai ya sukari nyingi. Mti mrefu hauzuii dawa, lakini kichaka kilichobanana huifanya ionekane ya lazima.

Na kuna jambo la kiangazi. Matawi mengi ni vinywa vingi. Mvua inapokatika, kila ncha inadai maji, na mti wenye ncha nyingi na mizizi michanga hutoa vijiti vifupi vigumu ambavyo daraja lake hushuka, wakati huo huo ambapo miraa imeadimika na bei imepanda. Mwenye maji ya kumwagilia huvuna pesa za kiangazi; asiye nayo hutazama matawi yake mengi yakisimama. Kwa mkulima huyo wa pili, shauri la kuongeza matawi limemwongezea madeni.

Tano: muguka na sheria iliyofuata umbo

Muguka hutoka Embu, hasa upande wa Mbeere, ambako ardhi ni kavu kuliko Nyambene. Huko mmea hufanywa kichaka cha chini, huchumwa mara kwa mara, na kinachouzwa ni majani laini pekee, bila kijiti. Kwa sababu hakuna kuchagua vijiti wala kuvifunga kwa urefu, muguka ni rahisi, na urahisi huo umeupeleka katika mifuko ya vijana wa Pwani ambao hawangemudu surba ya Meru. Vipando vya Mbeere vimechaguliwa huko huko kwa muda mrefu na huenda vina tofauti zao ndogo. Spishi ni ile ile, Catha edulis, na kemikali ni ile ile.

Mwezi Mei 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka, na kaunti za Kilifi na Taita Taveta zikachukua mkondo huo. Kabla mwezi haujaisha, Rais William Ruto alitangaza kwamba marufuku hayo hayana nguvu, kwa kuwa zao hilo linatambuliwa na sheria za taifa, ikiwemo Sheria ya Mazao ya 2013 na kanuni za miraa za 2023; na Mahakama Kuu mjini Embu ikayasimamisha. Wazazi wa Mombasa walioshangilia marufuku hawakuwa wakicheza. Kijana anayekesha siku tatu bila kulala na bila kula ni msiba wa nyumba nzima, na hoja hii haiupunguzi msiba huo hata kidogo.

Tatizo ni kwamba marufuku yalilenga umbo. Yalikataza mmea ukiwa kichaka na ukiuzwa kama jani, yakauacha ukiwa mti na ukiuzwa kama kijiti. Kama kinachodhuru ni kathinoni, iko pande zote mbili. Kama kinachodhuru ni bei ndogo na ukosefu wa masharti ya umri kwa mnunuzi, hayo yanashughulikiwa kwa leseni, ushuru na ukaguzi wa vibanda, na hayahitaji kudai kwamba kuna mimea miwili. Dai hilo liligawa wakulima wa Embu na wa Meru, ambao wanalima kitu kimoja, na likaufanya mjadala wa afya kuwa mjadala wa majimbo.

Sita: uteuzi wa kweli ungekuwaje

Hakuna lolote kati ya haya linalosema kwamba miraa haiwezi kuboreshwa kwa kuteua. Inaweza. Lakini kazi hiyo ina masharti ambayo biashara ya miche haiyaruki kwa bahati mbaya tu; huyakwepa kwa sababu ni ya miaka mingi. Vipando vya miti mingi vingechukuliwa, kila kimoja kikiandikwa mti mama wake. Vingepandwa pamoja katika ardhi ya namna tofauti, juu Maua penye ubaridi na chini karibu na nyika, kila mti mama ukiwakilishwa kila mahali. Vyote vingekatwa kwa ratiba moja, ncha ile ile, mwezi ule ule, ili tofauti ya kisu iondolewe. Ndipo pingili zingehesabiwa, urefu wa chipukizi ungepimwa kwa wiki, na matawi yanayofumka baada ya kila mkato yangeandikwa, mvua na kiangazi, tangu mwaka wa nne na kuendelea. Mti ambao ungetoa machipukizi mengi katika kila shamba, kwa mkato ule ule, huo ungekuwa na sifa ya matawi katika ukoo wake, na kipando chake kingestahili jina na bei.

Mkulima anayetaka kuanza leo bila kungoja anaweza kuuliza maswali matatu kitaluni: kipando kimetoka kwenye mti gani, mti huo una umri gani, na umekuwa ukikatwa vipi. Akijibiwa kwa jina la daraja peke yake, atakuwa ameuziwa mche wa miraa kama mche mwingine wowote, na umbo lake litaanza kuamuliwa siku atakapovunja ncha ya kwanza.